Baba wa Kuazima Huja na Mkewe

Nimewahi kuwa na baba wawili. Wa kwanza alinizaa, wa pili aliniandikisha. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, lakini ni yule wa pili tu aliyekufa akiwa na nchi. Nayasema haya bila kupandisha sauti. Hasira zangu nyingi nilizimaliza kwenye foleni, na zilizobaki ninazitumia shuleni, kwa sababu mimi ni mwalimu.

Sisi ni Wapemba wa Bodo, kijiji cha pwani ya Kenya karibu na mpaka. Babu yangu alikuja upande huu kuvua pweza, akapapenda, akaoa, akachimba kisima, akafa. Baba yangu alizaliwa hapa. Mama yangu naye alizaliwa hapa, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa kina baba, na sisi watoto watano tukazaliwa nyumba ile ile, juu ya kitanda kile kile cha kamba. Hata hivyo, kila ofisi tuliyoingia tulielezwa turudi kwetu, kwa upole au kwa ukali kutegemea kama karani alikuwa ameshakunywa chai. Baba alikuwa akiuliza, "Kwetu ni wapi, bwana?" Karani akanyoosha kidole upande wa kusini. Baba akakitazama kile kidole, akasema huko anakokijua yeye kuna shamba la mikorosho la watu, naye hana haja nalo.

Asiye na kitambulisho, au kipande kama wazee wanavyokiita, alikuwa haandikishi laini ya simu, hafungui akaunti, wala hapiti kizuizi cha polisi bila kushushwa garini. Baba aliwahi kushushwa kwenye njia ya Msambweni na ndoo yake ya samaki. Akakaa chini ya mti hadi adhuhuri akieleza yeye ni nani, huku samaki nao wakianza kujieleza kwa harufu. Hatimaye afisa akamwachilia kwa sababu ya ile ndoo. Baba alilisimulia hilo kwa miaka mingi na kulicheka, na mama hakuwahi kulicheka hata mara moja.

Kijijini kwetu kuazimana si aibu. Unaazima mbuzi ya kukunia nazi, unaazima upawa, unaazima mkeka wa wageni, kisha unarudisha na salamu juu yake. Kwa vile serikali ilitunyima ukoo, tukaanza kuazimana na wazazi pia. Mdigo mwenye huruma, maana Wadigo ndio wenyeji wanaotambulika huku, alikubali kusema mbele ya chifu kwamba fulani ni mwanawe, na fulani akatoka pale Mkenya kamili, mwenye babu asiowajua na shangazi anaowakwepa njiani. Kasoro yake ni kwamba mbuzi ya nazi hurudishwa, mzazi harudishwi.

Jirani yetu, Mdigo tuliyepakana naye ua, alikuwa bingwa wa kuazimisha. Alikuwa mkulima wa minazi na mihogo, mtu mnene wa tumbo na wa moyo. Alikuwa na watoto sita wa kuzaa na tisa wa kuandikisha. Ukizifuata karatasi zake, kuna miaka ambayo mkewe alijifungua mwezi wa pili, akajifungua tena mwezi wa sita, na mwezi wa tisa akajifungua wawili wasiofanana. Hakuna ofisi iliyoshangaa. Na hizo ndizo ofisi zilizobandika ukutani tangazo la kutuonya kwamba haiwezekani kuidanganya serikali.

Mkewe na mama yangu hawakupikika chungu kimoja. Mama alikuwa akioka mikate ya mofa ya kuuza, na tanuri lake la udongo lilikuwa karibu na ua. Moshi ulipovuka, mke wa jirani alilalamika kwamba ana nguo kambani, kila siku, hata siku ambazo hakufua. Mama naye alidai kwamba kuku wake watatu waliingia ua ule wakiwa hai na hawakutoka. Walisalimiana kila asubuhi kwa sababu dini imewalazimisha, na salamu zenyewe zilikuwa fupi kuliko adhana ya mtu mwenye mafua.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaitwa chuo cha ualimu. Barua ilitaka nakala ya kitambulisho. Mwenye barua ya chuo bila kitambulisho alikuwa na karatasi nzuri ya kufungia karanga. Baba akakaa nayo kibarazani tangu alasiri hadi magharibi. Kisha akanyanyuka, akaenda nyumba ya pili, na aliporudi akaniambia, "Nimekwisha zungumza naye. Mimi nimekuzaa, yeye akuandikishe. Kazi kubwa ilikuwa kuzaa." Alikuwa akitabasamu, lakini usiku ule hakula. Nililia, na mama akanambia niache kulia kwa sababu kesho nitatakiwa nifanane na watu wasiolia.

Kabla ya kupewa kitambulisho, watu wa huku mpakani walikuwa wakipigwa msasa, yaani wanahojiwa na kamati iliyopima kama ni wenyeji au ni wa kuja. Kamati yetu ilikuwa na chifu, wazee watatu na afisa mmoja kutoka bara. Wale wazee watatu walinijua tangu nikitambaa. Mmoja wao alikuwa mteja wa mofa za mama. Wote wakanitazama kana kwamba nimeshuka kutoka mwezini, kwa sababu hilo ndilo jukumu walilopewa na walilitekeleza kwa uaminifu.

"Msichana," afisa akaanza, "hii kabila umeandika hapa ni yako ama ni ya kuokota?"

"Ni yangu, bwana mkubwa."

"Mbona unaongea Kiswahili kama mtu wa redio?"

Baba yangu wa kuazima akadakia, "Amesoma."

"Hata mimi nimesoma na siongei hivyo."

"Hilo sina la kukusaidia, bwana mkubwa," akajibu baba yule, kwa adabu kabisa. Wazee wakakohoa, na chifu akaangusha kalamu ili apate kuinama.

Nilitaja majina ya bibi na babu niliyokaririshwa wiki nzima. Niliyataja vizuri kuliko watoto wake wa kuzaa, hata mmoja wao, aliyekuwa foleni nyuma yangu, alipomsahau bibi yake nilimtajia mimi. Nilidhani tumemaliza. Afisa akafunua ukurasa wa pili na kusema, "Haya, na mama mzazi ni nani?"

Kumbe fomu ina mstari wa baba na ina mstari wa mama, na mistari yote miwili inataka namba ya kitambulisho. Mke wa jirani alikuwa ameketi kwenye benchi, tambuu shavuni. Nilikuwa nimejiambia kwamba amekuja kumsindikiza mumewe.

"Mama, huyu ulimzaa wewe?"

Akahamisha tambuu shavu la pili. "Sasa angezaliwa na nani?"

"Ulimzalia wapi?"

"Nyumbani. Mvua ilikuwa yanyesha."

Hapo pangetosha. Lakini yule mama alinogewa. Akaeleza kwamba nilitanguliza miguu, kwamba alipoteza fahamu mara mbili, kwamba mkunga alishaanza kumtamkisha shahada. Wazee wakaguna kwa huruma. Afisa aliacha kuandika. Mimi mwenyewe nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakumbuka kwamba ninayedaiwa kumtesa ni mimi, na kwamba mwanamke aliyenizaa kweli alikuwa nyumbani akikanda unga. Tulimzuia asije, maana tuliona sura moja ya Kipemba ingetuharibia kazi. Mke wa jirani akabonyeza dole lake kwenye wino, akalibandika kwenye mstari wa mama, akalipangusa kwa ncha ya leso.

Nilirudi nyumbani, mama akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia yamekwenda salama. Akauliza, "Wameniandika vizuri?" Nikasema, "Vizuri, mama."

Mama amehitimu Kurani tangu msichana na anaisoma bila kukosea, lakini hizi herufi za ofisini hazijui. Alikuwa akiamini kwamba nimeazima baba tu. Alidhani kwenye mstari wa mama yupo yeye, maana mama haazimwi, na kitambulisho chenyewe hakitaji wazazi hata mtu mwingine aje amsomee. Ningeweza kumweleza siku ile. Ningeweza kumweleza mwaka uliofuata. Sikumweleza, na kila mwaka uliopita ulifanya uongo ule uonekane kama samani ya nyumbani ambayo hakuna haja ya kuihamisha.

Baba wa kuazima, kwa upande wake, aliuchukulia ubaba kwa uzito. Nikiwa chuoni alitaka kuona matokeo yangu ya mitihani. Ramadhani alitaka futari itoke kwangu. Siku moja alinigombeza mbele za watu kituoni Kona ya Musa kwa kuvaa sketi aliyoiona fupi, na baba yangu halisi, aliyekuwa kando akibeba mfuko wangu, akatikisa kichwa kukubali kila neno. Nilipoolewa alikuja na kanzu mpya na joho, tayari kuniozesha. Sheikh akamweleza kwamba walii ni wa damu na sharia haina habari na fomu. Akanuna mpaka biriani ilipopakuliwa. Basi baba aliyenizaa akaniozesha msikitini, na baba aliyeniandikisha akatia sahihi kwenye cheti. Mungu akapewa baba wake, serikali nayo ikapewa wake, na bwana harusi akapeana mkono na wote wawili bila kuuliza, maana naye ni mtu wa huku huku.

Huku nyuma sera zilikuwa zikibadilika. Kila waliposhika wengine madaraka, walikuwa na maoni yao mapya kuhusu sisi. Kuna wakati tuliambiwa tuandikishwe kuwa wageni, na wazee waliozaliwa Bodo wakajipanga mstari Bodo kupewa karatasi za ugeni. Baadaye ikasemwa karatasi zile hazitambuliki, na aliyezichukua amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba si wa hapa. Kisha ikaja sheria kwamba wasio na nchi waliokaa tangu zamani wanaweza kuomba uraia, ila ndani ya muda maalumu. Fomu zilifika muda ukikaribia kwisha. Muda ukaongezwa, fomu ikafutwa. Ikaja fomu mpya yenye swali, "Uliingia nchini lini na kwa kupitia mpaka upi?" Mzee mmoja aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu akajibu kwamba aliingia kwa kupitia mama yake. Fomu yake ilirudishwa kwa kukosa muhuri.

Baba alifariki kati ya nyongeza ya kwanza ya muda na ya pili. Kwenye cheti cha kifo, mahali pa uraia, walipiga kistari. Nilikitazama kile kistari muda mrefu nikaona haya kwa niaba ya kalamu.

Ndipo baadaye kabisa, wakati tulishaacha kusikiliza, ikatangazwa kwamba Wapemba ni kabila la Kenya na wataandikishwa kuwa raia. Bodo palipigwa vigelegele. Watu waliokuwa wakitucheka walituletea nazi. Wanasiasa wakaja kutueleza kwamba wao walitupenda siku zote, na sisi, watu wenye adabu, tukawapigia makofi kwa kutupenda kimya kimya muda wote huo. Mama alikwenda chumbani. Alifungua kasha, akatoa leso mpya aliyokuwa ameiweka, akasema hiyo ndiyo atakayovaa siku ya kupigwa picha.

Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nilifanywa mwandishi wa fomu wa kijiji kizima. Wasaidizi wa kujaza fomu tuliitwa Msambweni siku moja kuelekezwa. Kila fomu ilikuwa na nafasi ya namba ya kitambulisho ya aliyesaidia kuijaza, na ilikuwa na orodha ya watoto, majina na namba zao za kitambulisho au za fomu, ili mashine iwaunganishe na mzazi. Niliposikia hilo la mashine, chai ilinipalia. Nikainua mkono, nikauliza, kwa mfano tu, kama kuna mtu aliyewahi kuazima mzazi, itakuwaje.

Mwelekezaji akasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kitambulisho kilichopatikana kwa uongo kinafutwa, na mwenye kazi ya umma ashukuru kama ni kazi tu atakayopoteza. Kisha akacheka. "Kwa nini, mwalimu? Kwani wewe ni Mpemba?"

Nami nikacheka. Nikasema mimi ni Mdigo, na ukoo wangu nikautaja bila kugota.

Jambo lilikuwa hivi. Waliokaa bila chochote miaka yote, wakiwemo ndugu zangu wanne, sasa walikuwa wakipewa haki yao. Sisi tuliokosa subira tukaazima, tulikuwa Wakenya tayari, lakini Wakenya wa uongo. Nikijiandika kwenye fomu ya mama, mashine itauliza imekuwaje mtoto mmoja akazaliwa na wanawake wawili. Nitafutwa kitambulisho, kazi itakwenda, na fomu ya mama itapigwa pingu kwa kuwa imebeba jina la mdanganyifu. Nisipojiandika, mama atapata nchi na atapoteza mtoto mmoja, kwenye karatasi tu. Wako waliosema msamaha kwa watu kama sisi uko njiani. Niliuliza, lakini msamaha wenyewe ulikuwa hauna fomu.

Jioni niliyojaza fomu ya mama, alikaa mkabala nami kwenye mkeka, mikono ikinuka unga, akinitajia. "Andika. Wa kwanza ni wewe." Nikaandika jina la ndugu yangu anayenifuata. Akaendelea kutaja, nami nikaandika watatu waliobaki, na alipotaja wa mwisho kalamu yangu ilikuwa ikikoleza herufi zilizokwisha andikwa. Alikuwa akiifuata kalamu kwa macho, kama anavyoifuata kalamu ya mtu yeyote anayeandika jambo kubwa.

"Umeshajiandika?" akauliza.

"Nimeshaandika, mama."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kwa herufi kubwa."

Akaridhika, akabonyeza dole. Mimi nimewachapa watoto wa watu kwa kuiba penseli, enzi za viboko. Jioni ile nilijiona mdogo kuliko wote niliowachapa.

Siku ya mahojiano tuliwekewa hema kwenye uwanja wa shule. Afisa alikuwa binti wa bara, mpole, mwenye subira na wazee, na mbele yake kulikuwa na mashine ndogo ya kutazamia namba. Mtandao, ambao wiki nzima ulikuwa ukikatika hata kwa upepo wa feni, siku ile ulifanya kazi kama uliotishwa. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake, na rundo la fomu nilizojaza, nikimsaidia kusoma majina. Mama aliingia na leso yake mpya chini ya buibui, akamjibu binti yule kila swali: alipozaliwa, mumewe marehemu, kazi ya kuoka mikate. Binti akataka kujua mofa ni nini, na mama akamweleza namna ya kukanda. Nilianza kupumua.

"Na uko na watoto wangapi, mama?"

"Watano, alhamdulillahi."

Binti akatazama karatasi. "Hapa imeandikwa wanne."

"Watano," mama akarudia taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Wa kwanza ndiye huyo aliyesimama nyuma yako. Mwalimu. Ndiye aliyeijaza hiyo karatasi, mwulize."

Binti akageuka. Nikatoa tabasamu ninalolitoa wakaguzi wanapoingia darasani. Yeye hakuwa na shaka yoyote, alitaka tu kurekebisha kosa, na kosa lirekebishwe vizuri. Akaitafuta namba yangu mwishoni mwa fomu, akaibonyeza, akasubiri, akasoma.

"Hapana, mama. Huyu mwalimu mama yake ni mwingine." Akalitaja jina la mke wa jirani, majina yote matatu, kwa sauti ya kutosha foleni nzima.

"Soma tena, mwanangu," mama akasema.

Akasoma tena.

Mama akanitazama. Sikuona hasira, na heri ningeiona. Aliniangalia kama mtu anayehesabu nyuma, mwaka kwa mwaka, siku niliyorudi kutoka kwa kamati, siku ya harusi, Idi zote, jioni ya kujaza fomu, na kila mahali anamkuta yule mama mwingine ameketi kwenye kiti chake. Ningeweza kusema kweli pale pale. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na sauti, kazi yangu ni kusema mbele ya watu. Niliogopa, nikanyamaza. Nilimwachia mama mzigo ule aubebe, kikongwe mwenye miguu inayovimba.

Mama yangu hasemi uongo. Hata bei ya mkate akikosea kwa faida yake humfuata mteja njiani. Akavuta ncha ya leso, akafuta mdomo, akamwambia binti, "Mimi nimezeeka. Wewe andika kama karatasi inavyosema."

"Ni sawa, mama. Hata nyanya yangu huita kila mtu mtoto wake." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, lakini unamjua huyu mama?"

"Namjua."

"Kwa muda gani?"

"Tangu nizaliwe."

"Ni nani yako?"

Nilifungua mdomo, na mpaka leo sijui ningejibu nini, kwa sababu mama alinitangulia. "Huyo ni wa nyumba ya pili," akasema. "Tumepakana ua." Na kweli tumepakana ua. Hata katika hilo hakusema uongo. Binti akaandika, akagonga muhuri, akamwambia hongera, mama. Mama akamwombea dua apate mume mwema.

Tulirudi nyumbani. Nilimsubiri anisimange, nikajiandalia majibu. Hakunisimanga. Alikanda unga wa kesho, akasali, akalala. Siku ya pili nilipokwenda kumwamkia, alinijibu marahaba vizuri, akaniuliza habari za wanangu, akanipa mikate niwapelekee. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha na radhi. Akasema radhi ninayo, amekwisha kunisamehe pale pale kwenye hema, maana kama si hivyo angeendelea kuhesabu watano. Hakulitaja tena jambo hilo kwa miezi kadhaa, na mimi, kwa ujinga wangu, nikaanza kufikiri kwamba limekwisha.

Kitambulisho chake kilipofika kwa chifu nilikwenda kumchukulia. Alikishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika picha ambayo haijakauka. Picha ilitoka vizuri, leso inaonekana. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, wilaya, tarehe ya kutolewa.

"Watoto hawaandikwi?"

"Hapa hawaandikwi, mama. Wamo kwenye mashine."

"Na kwenye mashine ni wanne."

"Ni wanne."

Akakigeuza, akaangalia mgongo wake, akakigeuza tena. "Basi siku nitakayokufa, hicho kibali cha kuzika watapewa hao wanne."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema habari za karatasi, sisemi mtu. Watapewa wao, na wao ndio watakaokaa mkekani wapewe mikono ya pole. Wewe utakuja na majirani."

Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani ndio wanaopika siku zote tatu, na wafiwa hukaa tu. Mama alikuwa akipanga msiba wake kama anavyopanga shughuli nyingine yoyote, nani akae wapi, nani ashike nini, na aliponitafutia mahali pangu alipata mahali pamoja tu.

"Majirani ndio wapishi," akasema, akikifunga kitambulisho kwenye pindo la leso. "Mchele utauchambua wewe. Usimwachie yule mama yako, yeye huacha mawe."

Nikamwambia nimesikia.